Ngogo wa Sebuleni

(Mazungumzo ya juma hili redioni, kama yalivyosomwa)



Juma hili siasa naiweka kando, na bei ya mbolea nayo naiweka kando, ingawa zote mbili zina mambo. Nataka tuzungumze habari za samaki, wala si samaki wa kukaanga. Ni samaki mdogo, urefu wake kama kidole cha shahada, anayeishi sebuleni kwangu hapa Ipogolo ndani ya tangi la vioo, na ambaye usiku mmoja wa Novemba, mwaka juzi, alinikesha hadi saa tisa kama kijana anayesubiri matokeo ya mtihani.

Jamii yake wengi wenu mnaifahamu. Ni ngogo, wengine humwita gogogo, binamu wa kambale. Wavuvi wa Mtera wanamjua na hawana hamu naye sana, maana ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, ambayo akishaisimamisha hailazwi, na akinasa wavuni utakata wavu kabla hujamtoa. Ukimshika hulia, tena kwa sauti unayoisikia vizuri, kwa kusugua mashina ya miiba hiyo. Ngogo wa Mtera ni kitoweo. Wa kwangu ni ndugu yake kutoka Ziwa Tanganyika: mwili wa rangi ya chai ya maziwa uliojaa madoa meusi, na mapezi meusi yenye ukingo mweupe, kama bwana aliyevaa suti akaacha ukosi wa shati uonekane kidogo.

Kwa kitaalamu anaitwa Synodontis lucipinnis. Jina hilo lina hadithi. Kwa miaka mingi wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya na Marekani walikuwa naye majumbani mwao. Walimlea, walimzalisha, waliuziana watoto wake na kupeana mbinu, lakini walikuwa wakimwita kwa jina la mwenzake, yule aitwaye petricola, ambaye alipewa jina lake mwaka 1959. Ni mwaka 2006 tu ambapo wataalamu wawili wa Marekani, Jeremy Wright na Lawrence Page, walipowapanga upya ngogo wote wa Tanganyika, wakamwona huyu kuwa ni wa aina yake, wakampa jina. Kwa maneno mengine, watu walijua anavyozaliwa kabla hawajajua anaitwa nani.

Na mimi jambo hilo linanikera na kunifurahisha kwa pamoja. Linanifurahisha kwa sababu linaonyesha kwamba mtu asiye na maabara wala shahada, mwenye tangi na subira tu, anaweza kuona yale ambayo vitabu bado havijaandika. Linanikera kwa sababu ziwa lenyewe ni letu. Tunaligawana na Wakongo, Warundi na Wazambia, lina kina cha mita zipatazo 1,470, na samaki wake wengi hawapatikani popote pengine duniani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, alipoanza kuwasafirisha wakiwa hai kwa ndege kutoka Bujumbura, samaki wa ziwa hilo wamekaa sebuleni mwa watu wa Ujerumani, Japani na Marekani. Sisi huuza mara moja, samaki mmoja mmoja. Yule anayenunua akiweza kumzalisha hana haja ya kurudi kwetu tena. Kubwa zaidi ya fedha, ndiye anayejua siri ya uzazi wake.

Nitakupa mfano wa siri moja, maana bila kuisikia hii hutaelewa kwa nini mtu mzima anaweza kushikwa na homa ya samaki.

Yuko ngogo mwingine wa Tanganyika, mkubwa kuliko wangu, huweza kuzidi sentimeta 20. Anaitwa multipunctatus, yaani mwenye madoa mengi, jina alilopewa mwaka 1898. Sasa, katika ziwa lile wako samaki, jamaa za perege wetu, ambao mama hutaga mayai na kuyaokota papo hapo kuyaweka mdomoni. Huyalea humo majuma kadhaa bila kula, hadi watoto waweze kuogelea. Ni mama wa kupigiwa mfano. Huyu ngogo mwenye madoa humvizia mama huyo akiwa katika shughuli ya kutaga. Dume na jike huingia kwa kishindo katikati ya arusi ya watu, hula baadhi ya mayai ya mwenyeji, humwaga ya kwao, hutokomea. Mama wa watu, kwa haraka ya kuokoa wanawe, huokota yote na kufumba mdomo. Mayai ya ngogo huanguliwa mapema, siku ya tatu hivi. Na watoto wa ngogo wakishamaliza kiini chao cha yai, huwageukia wenzao humo humo mdomoni na kuwala. Mama anaendelea kufunga na kulea kwa mapenzi yote. Siku ya kufungua mdomo, wanatoka vijana wenye madoa na sharubu.

Wako ndege wafanyao hivyo, kama kekeo, anayetaga katika kiota cha mwenzake. Mdoezi wa ndege tumemzoea. Mdoezi wa samaki dunia ya sayansi ilimpokea rasmi mwaka 1986, wakati mtafiti wa Kijapani, Tetsu Sato, alipoandika habari zake katika jarida la Nature. Lakini kabla ya mwaka ule wako wafugaji wa majumbani ambao walikuwa wamekwisha kuona kioja hicho katika matangi yao, wakikuta watoto wa ngogo mdomoni mwa mama asiye wao. Fikiria sura ya bwana yule wa kwanza! Anamtazama samaki wake, anangojea watoto wa rangi ya bluu, wanatoka wenye ndevu.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2018 watafiti wa mji wa Brno, katika Jamhuri ya Cheki, akiwamo Martin Reichard, walichapisha walichokiona kwa kuwaweka wadoezi hao pamoja na samaki walea-mdomoni wa asili mbalimbali. Wale wa Tanganyika, ambao mababu zao wameishi na mdoezi huyu tangu enzi na enzi, walikuwa wajanja zaidi wa kuyatema mayai yake, na waliokwisha kutapeliwa siku za nyuma walikuwa wajanja zaidi ya wasiowahi. Samaki wa maziwa mengine, ambao hawajapata kukutana na utapeli wa namna hii, walilea tu. Utafiti mzuri kabisa, nao unahusu samaki wa ziwa letu, na umefanyika mji ambao hauna hata bahari.

Basi nikajisemea, kama Brno wanaweza, Ipogolo inakosa nini?

Inakosa mengi, na nitayasema. Kwanza iko mbali na ziwa. Kutoka hapa hadi Kasanga utapita Makambako, Mbeya, Tunduma na Sumbawanga, na utafika umechoka. Samaki wangu saba niliwanunua Dar es Salaam kwa mfanyabiashara wa samaki wa mapambo mwenye leseni yake. Walisafiri kwa basi kilometa zipatazo 500, ndani ya mifuko iliyojazwa oksijeni, katika boksi jeupe jepesi lile la kutunzia barafu, wakapanda Kitonga wakiwa miguuni pangu. Kondakta aliuliza kuna nini humo. Nikamjibu ni samaki. Akasema, "Mzee, mbona hawanuki?"

Pili, baridi. Watu wa Iringa mjini, kule juu mlimani, hupenda kutuambia kwamba sisi wa huku chini barabarani tuna joto. Waje Juni au Julai saa kumi na moja alfajiri, ukungu umelala juu ya Ruaha Mdogo na madereva wa malori wanapasha mikono kwenye moto wa mama lishe. Maji ya juu ya Tanganyika huwa nyuzi 24 hadi 28. Maji ya bomba la kwangu mwezi wa Julai ukinawia uso utapiga yowe. Kwa hiyo tangi lina hita, na nyuma na ubavuni nimelizungushia sponji la godoro kuukuu, na usiku nalifunika mablanketi. Mke wangu alikaa kimya muda mrefu kuhusu luku na mengineyo, lakini siku ya blanketi la pili alisema neno lake: "Samaki wana mablanketi mawili, mimi nina moja." Nikamnunulia. Umeme ukikatika, hita na pampu ya hewa husimama kwa pamoja. Hewa naitoa kwenye pampu ndogo ya betri, joto nalitunza kwa sponji lile lile, na maji lita 200 hayapoi upesi kama chai.

Tatu, maji yenyewe. Ya Tanganyika ni magumu na yana asili ya magadi. Kile kipimo kinachoandikwa pH hukaribia 9. Yetu ni laini, sabuni kidogo tu povu limejaa beseni. Dawa yake niliipata katika duka la chakula cha kuku. Yale makombe ya bahari yaliyopondwa ambayo wafugaji huchanganya ili ganda la yai liwe gumu, mimi nayajaza kwenye soksi ya nailoni na kuiweka mahali maji yanapopita ndani ya chujio. Taratibu makombe huyeyuka na maji hugeuka. Kwa bei ya kilo moja ya makombe nimehamisha kipande cha Kigoma hadi Ipogolo.

Sasa tuje kwenye goroli.

Ngogo huyu si mdoezi kama kaka yake mwenye madoa mengi. Anataga mwenyewe. Lakini ni mzazi wa ajabu, maana akishataga hugeuka na kula alichotaga, na wenzake humsaidia. Wafugaji wa nchi za nje walitafuta hila, na hila yao ni rahisi hata inachekesha. Unachukua chungu, unakipindua, unatoboa mlango ubavuni ili kiwe kama pango. Chini ya chungu unaweka bakuli lililojaa goroli, hizi hizi wanazochezea watoto. Ngogo huingia pangoni kutaga, mayai hudondoka na kupenya katikati ya goroli hadi chini, na wazazi wakigeuka kuyatafuta hukuta vioo. Chungu changu ni cha Wakisi, kutoka Matema, na kina umri mkubwa kuliko wanangu. Goroli nilinunua 200 hapa hapa Ipogolo. Mwenye duka aliniuliza kama nafungua chekechea. Nilipomwambia ni za samaki alinipa chenji yangu bila kuongeza neno.

Mwezi wa Novemba mvua zilipokaribia niliwalisha vizuri, kisha nikaondoa theluthi ya maji ya tangi na kuweka mapya yaliyopoa kidogo, ili waone kana kwamba mvua imenyesha. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Siku ya tatu, saa nne za usiku, taa zimezimwa na watoto wamelala, niliketi na tochi niliyoifunga kitambaa chekundu, maana mwanga mweupe huwatia hofu. Nikamwona dume mmoja anamsukuma jike kwa kichwa ubavuni. Jike alikuwa amejaa tumbo kama aliyemeza punje ya hindi. Wakaingia chunguni. Wakatoka. Wakaingia tena na wa tatu akawafuata. Kutoka ndani nikawa nasikia kitu kama kokoto zikigongana, taratibu sana: ni goroli. Samaki wa urefu wa kidole wanatikisa goroli! Nikaweka sikio kwenye kioo. Malori yalikuwa yakipita barabarani kwenda Tunduma, na mimi nikawa nayalaani kila moja kwa kelele zake.

Saa tisa wakawa wametulia. Nikalivuta bakuli nje, nikazitoa goroli moja moja kwa kijiko. Chini palikuwa na kitu kama uwele uliomwagika, chembe ndogo za kung'aa. Nilihesabu mara tatu nikapata idadi tatu tofauti; niliyoiandika daftarini ni 74.

Mayai mengine yalipauka na kuota ukungu, hayo niliyanyonya kwa bomba la sindano. Siku ya pili jioni yaliyobaki yalianza kutikisika, na asubuhi yake palikuwa na viumbe 52, vyembamba kama uzi wa kushonea, vinaona haya na mwanga. Kwa kioo cha kukuzia niliuona moyo wa mmoja unapiga. Kwa juma zima vilikula kiini chake vyenyewe. Baada ya hapo niliwapa kiini cha yai la kuku kilichochemshwa na kusagwa, kidogo sana, na wale wadudu wadogo wanaorukaruka katika mifereji ya vinyungu, ambao nilikuwa nawachota alfajiri kwa kipande cha pazia. Majirani waliniona nikiinama mferejini na pazia mkononi. Katika juma la tano madoa yalitokea, kwanza kama vumbi, kisha kama wino. Hadi mwisho wa Januari walikuwa hai 38. Nimepata vyeo viwili vitatu katika maisha yangu na sikumbuki nilichokula siku ya kupandishwa. Siku ya madoa nakumbuka kila kitu.

Najua yuko msikilizaji anayesema, mzee huyu ana nafasi, sisi tunatafuta unga. Ni haki yake. Lakini avumilie nimkumbushe Kihansi.

Kihansi si mbali na sisi, ni huko mpakani mwa Iringa na Morogoro, kwenye milima ya Udzungwa. Mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa megawati 180 ukijengwa, wataalamu waligundua katika korongo lile chura mdogo wa manjano ambaye anaishi kwa rasharasha za maporomoko na hapatikani kwingine kokote. Chura huyo hatagi, huzaa. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, rasharasha zilikauka. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, na baada ya misukosuko na vifo vingi waliobaki walizalishwa ndani ya visanduku vya vioo katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba katika maumbile ya asili chura yule ametoweka. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa nyumbani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakaanza kurudishwa korongoni kwao. Waliomwokoa ni watu waliojifunza kwa subira chura huyu anataka unyevu kiasi gani, mwanga kiasi gani, mdudu wa ukubwa gani. Ujuzi wa namna ile ile ninayoizungumza hapa. Tofauti ni kwamba ilibidi tuupate New York.

Na furu wa Ziwa Victoria, je? Sangara aliyepandikizwa katika miaka ya 1950 alipofika wakati wa kustawi, miaka ya 1980, aina nyingi za furu zilifagiwa. Ziko zilizobaki duniani kwa sababu tu watu waliwahi kuchukua wachache na kuwazalisha katika matangi ya Ulaya na Marekani. Tangi la kioo linaweza kuwa safina.

Linaweza pia kuwa mlango wa balaa, na hapa ndipo mambo yangu yalipokuwa magumu.

Mwezi wa Machi, mvua zikiwa nyingi, alinijia bwana mmoja mwenye bwawa la samaki bondeni, mita chache kutoka mtoni. Amewaona ngogo wangu, amewapenda, anataka 30 awaweke bwawani wageni wake wawatazame. Akataja bei. Ndugu msikilizaji, bei ile ingelipa makombe, sponji, hita na blanketi la mama watoto. Nikamwomba aketi, tukanywa chai, nikamwambia sitamuuzia.

"Mzee wangu," akasema, "samaki si samaki tu? Na mto si wa Mungu?"

Nilimwuliza bwawa lake mwaka gani halikufurika. Akacheka. Mwaka huo lilikuwa limekwisha kufurika mara moja, na perege wake kadhaa waliondoka na maji. Basi Ruaha Mdogo hapo Ipogolo haukai, unateremka kuingia Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu unaingia Mtera, kisha Kidatu, kisha Rufiji hadi baharini. Pengine baridi ya hapa ingewaua ngogo wa Tanganyika, lakini kule chini ni joto, na Mtera ina wavuvi wanaolisha familia. Mto ule una ngogo wake wenyewe. Ukimletea mgeni anayekula mayai, au mgeni aliyebeba ugonjwa wa tangini, utamwita nani aje kumtoa? Jambo hili si la kubuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na wataalamu wa taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, pamoja na wenzao wa Uingereza, ulionyesha jinsi perege wa kigeni, hasa sato wa mto Nile, walivyoenea katika mabonde mengi ya mito ya Tanzania kwa sababu ya miaka mingi ya kupandikizwa kwa makusudi na nia njema. Hao wageni huzaliana na perege wetu wa asili, na baada ya muda wa asili hawajulikani tena walipo. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake hazimruhusu mtu kumwaga samaki mgeni katika maji ya nchi bila kibali, lakini sheria haikai kando ya bwawa usiku wa mafuriko.

Yule bwana hakukasirika, ila aliondoka akiamini kwamba namwonea choyo. Ameisema habari hiyo mahali pengi, na wako majirani ambao tangu hapo huniamkia kwa shingo upande. Mmoja aliniambia waziwazi, "Mnyalukolo, umewapenda samaki kuliko watu." Nilimjibu kwamba ngogo wa Mtera naye ana watu wake, wanamvua kila usiku, nami sitaki siku moja wanitafute.

Hivyo swali la kuwapeleka wapi vijana 38 likabaki palepale, na tangi halipanuki. Kumi nilimpa fundi mmoja wa majokofu hapa mjini, aliyejenga tangi lake kwa kioo na gundi ya silikoni, naye ana mkono mzuri kuliko mimi. Kumi na wawili aliwachukua mwalimu wa biolojia wa sekondari moja ya hapa Iringa. Tuliandikiana karatasi. Masharti yalikuwa mawili: samaki asitoke tangini akiwa hai kwenda mtoni, mferejini wala bwawani, na wanafunzi waandike daftari, tarehe, joto la maji, chakula, na kila wanachokiona hata kama wanadhani ni upuuzi.

Imepita zaidi ya mwaka sasa. Juma lililopita mwalimu aliniletea daftari nilitazame. Kurasa za mwanzo ni hesabu tu, joto asubuhi, joto jioni, na lawama za zamu, nani alisahau kulisha siku ya Jumamosi. Kuanzia katikati mwandiko unabadilika, sentensi zinarefuka. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili ameeleza ukurasa mzima jinsi ngogo anavyokula akiwa amegeuka tumbo juu, chini ya paa la pango, na amechora. Mwingine amepima muda wanaochukua kutoka mafichoni taa ikizimwa, na amegundua kwamba Ijumaa, siku ambayo maabara haina kelele, hutoka mapema zaidi. Ukurasa wa mwisho una mistari miwili tu: "Samaki wa nne ana tumbo kubwa. Tunaomba goroli."